Chuma Kinashika Nafasi, Mfupa Ndio Unaobeba

(Hii ni hotuba niliyoitoa Tanga mbele ya wagonjwa wa mgongo, ndugu wanaowauguza na wanafunzi wa uuguzi. Wengi walioshindwa kufika waliomba niiandike yote. Nimeiandika kama nilivyoisema.)

Shikamooni wazee wangu. Mama zangu, kaka zangu, dada zangu, habari za asubuhi. Na nyie wanangu wa uuguzi mliosimama huko nyuma ili wagonjwa wapate viti, asanteni sana. Kazi yenyewe ndiyo hiyo, mmeshaianza.

Mimi si daktari. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Kwa miaka 19 nimesimama mbele ya meza ya vifaa, nikimpa daktari mkononi kile anachokitaka, na nikihesabu. Nahesabu vitambaa, nahesabu sindano, nahesabu skrubu, kabla ya kufungua na kabla ya kufunga. Kwa hiyo nitakayoyasema leo ni ya mtu aliyekaa karibu na mgongo uliofunguliwa, karibu kiasi cha kuusikia.

Nimekuja na kitu kimoja mfukoni. Hiki hapa. Ni kifaa cha kufundishia, hakiwekwi kwa mtu. Walio mbele wanakiona, walio nyuma nitawafikishia. Ni cha titani, urefu wake ni kama kidole gumba changu. Ni silinda mbili, moja imeingia ndani ya nyingine kama antena ya redio, na kiunoni kina pete yenye meno. Ukiizungusha pete hii, kinarefuka. Juu kina kisahani, chini kina kisahani. Hii ni pingili ya mgongo ya bandia. Inawekwa mahali pa pingili iliyooza au iliyosagika, inaingia ikiwa fupi, na ikishakaa mahali pake inarefushwa humo humo ndani mpaka ilijaze pengo.

Nani hapa hajawahi kumenya muwa? Basi mgongo mnaujua. Ni pingili juu ya pingili. Shingoni ziko 7, mgongoni penye mbavu ziko 12, kiunoni ziko 5, halafu zile za chini zilizoungana. Kila pingili upande wa mbele ina kipande kinene cha mfupa, na hicho ndicho kinachobeba uzito wako ukisimama, ukikaa, ukibeba ndoo. Nyuma yake kuna upinde, na ndani ya upinde huo unapita ugwe wa mgongo, mshipa mkuu wa fahamu unaotoka kwenye ubongo, mnene kama kidole chako cha mwisho. Pingili ikibomoka kwa mbele, ya juu yake inainamia shimo. Mgongo unapinda. Kinachotokeza nje tunakiita kibiongo. Na kinachosukumwa ndani? Ndicho kinachoubana ugwe. Miguu inakufa ganzi, kisha inalegea, kisha mkojo unagoma.

Sasa niwasimulie.

Tuliletewa dada mmoja kutoka Handeni, miaka 24, fundi cherehani. Maumivu ya mgongo miezi minane. Alikandwa kwa maji ya moto, akachuliwa, akachanjwa chale, akanunua vidonge vya maumivu dukani. Simlaumu yeye wala waliomwangalia. Hakuwa anakohoa hata kidogo, na sisi sote tumezoeshwa kwamba TB ni kikohozi. Lakini fundi ana macho ya fundi. Yeye mwenyewe alianza kuona kwamba gauni lake linaburuzika mbele na kupanda nyuma. Akalikunja pindo la mbele, akashona. Baada ya mwezi likaburuzika tena, akalikunja tena. Alifikiri kitambaa ndicho kinachovutika. Kumbe mgongo ndio uliokuwa unapinda, na kibiongo kinakula urefu wa gauni kwa nyuma. Alipofika kwetu alikuwa amebebwa. Miguu haikumshika tena.

Ilikuwa TB ya mgongo, na hiyo si jambo jipya duniani. Alama zake zimeonekana kwenye maiti zilizokaushwa za Misri ya kale. Daktari wa London, Percivall Pott, aliieleza mwaka 1779, na mpaka leo madaktari wanauita ugonjwa wa Pott, ingawa yeye hakujua unaletwa na nini. Bakteria wake alitangazwa na Robert Koch mwaka 1882. Bakteria hao huingia kwa njia ya hewa, lakini husafiri kwa damu, na wakitua kwenye pingili wanaila taratibu, wiki kwa wiki, bila kelele.

Na hapa wazee wangu naomba mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo watu wengi hupotea. Wagonjwa wengi wa TB ya mgongo hawahitaji kisu. Wanapona kwa dawa. Kwa dawa peke yake! Na dawa za TB hapa kwetu ni bure. Anayehitaji kupasuliwa ni yule ambaye mgongo umeshabomoka sana, au miguu inalegea, au usaha umejaa unaubana ugwe. Yaani anayehitaji kifaa hiki nilichokishika, mara nyingi ni yule aliyechelewa.

Zamani pengo lile lilizibwa na nini? Mwaka 1956 madaktari wawili wa Hong Kong, Hodgson na Stock, walichapisha njia ya kuingia kwa upande wa mbele wa mgongo, kuukwangua mfupa uliooza mpaka damu safi ionekane, na kuliziba pengo kwa kipande cha mfupa wa mgonjwa mwenyewe. Nilipoanza kazi nimeuona ubavu ukikatwa, ukapangwa vipande viwili vitatu, ukabanwa katikati ya pingili nzima mbili. Ni kazi nzuri, na wako watu wanaotembea leo kwa ubavu huo. Lakini ubavu ni mwembamba. Pengo likiwa kubwa, unaweza kuvunjika au kuteleza kabla haujashikana, na mgonjwa alilala muda mrefu akiusubiri.

Baadaye likaja bomba la wavu wa titani, lililoenezwa na daktari Mjerumani, Jürgen Harms. Hilo nalijua kwa vidole vyangu. Daktari anapima pengo, anasema milimita 31. Mimi nalikata bomba kwa mkasi wa chuma. Kingo zake ni kali, zinachana glavu. Namkabidhi. Anaingiza: refu. Anatoa, nakata safu moja ya matundu. Anaingiza: sasa linacheza, ni fupi. Na kila linapoingia na kutoka linapita jirani kabisa na ugwe, jirani kiasi kwamba chumba kizima kinanyamaza.

Siku moja nilikata safu mbili badala ya moja. Lilikuwa bomba la mwisho kwenye trei. Daktari alinitazama, hakusema neno, akaomba mkasi wa mbavu. Tulimaliza kwa ubavu na mgonjwa alikaa salama, lakini usiku ule sikulala. Ndiyo maana siku nilipofungua kwa mara ya kwanza pakiti ya pingili inayorefuka, nilielewa mara moja kilichokuwa mkononi mwangu. Ni kifaa ambacho hakimdai mtu akisie urefu.

Kwa yule dada wa Handeni tulitumia hiki. Pingili mbili zilikuwa zimekwisha. Zilitoka kama jibini iliyovunjikavunjika, na usaha mzito usio na harufu. Daktari aliosha, akakwangua mpaka mfupa ukatoa damu. Tukachagua visahani vya juu na chini vyenye mwinamo unaofaa. Kifaa kikaingia kikiwa kimefungwa, kifupi, hakikugusa chochote njiani. Hiyo ndiyo faida yake kubwa: kinapita kwenye mlango mdogo, tena hata kwa kupitia nyuma ya mgongo bila kufungua kifua. Kisha daktari akashika kipini akaanza kuzungusha. Ka. Ka. Ka. Mnaijua sauti ya jeki chini ya gari? Ni sauti hiyo hiyo, ila ndogo, kama mtu anavunja njiti ya kiberiti. Kwenye kioo cha eksirei tukaiona pingili ya juu inanyanyuka. Ule mgongo uliokuwa umeinama, tunauona kwa macho unasimama!

Akazungusha tena, taratibu zaidi. Robo. Robo tena. Halafu akaacha.

Mwanafunzi mmoja alikuwa pembeni, akauliza kwa sauti ya chini: mbona bado kinaweza kurefuka, kwa nini tusimalize kibiongo chote? Swali zuri. Daktari alijibu bila kugeuka: "Umewahi kupiga jeki kwenye udongo wa mvua?" Nyie madereva mnacheka kwa sababu mmeshajua jibu. Ukipiga jeki kwenye udongo laini, gari halipandi. Jeki ndiyo inayozama. Visahani hivi vinakaa juu ya gamba jembamba la mfupa, na ukilazimisha, gamba linapasuka na chuma kinadidimia ndani ya pingili nzima. Kwa mzee ambaye mifupa yake imeshakuwa laini, kinadidimia upesi zaidi. Tena ukirefusha kupita kiasi, ugwe nao unavutwa. Basi mkono wa daktari unasikiliza. Kifaa kikigusa juu na chini, kikashika, anaongeza kidogo, anafunga kwa skrubu ili kisirudi nyuma, basi. Kisha anaweka skrubu na vyuma virefu kwa nyuma, maana pingili hii haiachwi isimame peke yake.

Na pembeni yake, na katikati yake, tunapakia mfupa. Vipande vya ubavu, vipande vya nyonga. Kwa nini, wakati tumeshaweka chuma? Hapa ndipo pana jambo lililonileta Tanga. Chuma kinashika nafasi. Mfupa ndio unaobeba. Titani ni rafiki wa mfupa, lakini haina uhai. Ukitembea, inasukumwa, ukiinama, inasukumwa, maelfu ya mara kwa siku. Mfupa mpya usipoota kuunganisha juu na chini, ipo siku skrubu italegea, au chuma kitakatika. Kazi ya kifaa hiki ni kusema: nafasi hii nimeishika, ota. Na mfupa unaota kwa miezi, si kwa siku.

Kijana mmoja tuliyemfanyia vizuri kabisa alirudi baada ya miezi mitano na jipu kiunoni. Alikuwa ameacha dawa za TB mwezi wa tatu wa matibabu. Nilimuuliza kwa upole, mwanangu, kwa nini? Akaniambia, "Sista, si nimeshawekewa chuma?" Sikumkasirikia. Nilijikasirikia mimi, kwa sababu siku anatoka wodini nilimweleza jinsi ya kuosha kidonda na jinsi ya kuinuka kitandani, na sikumweleza hili. Chuma hakiui bakteria. Chuma hakitibu TB. Vidonge ndivyo vinavyotibu, mwezi baada ya mwezi, miezi tisa, mara nyingi mwaka mzima, kama kliniki itakavyopanga. Zamani hata madaktari waliogopa kuweka chuma mahali penye TB, mpaka watafiti wa Japani walipochapisha mwaka 1993 kwamba bakteria wa TB hawang'ang'anii chuma kama wale wa usaha wa kawaida. Ndiyo maana tunaweza kuweka. Lakini tunaweka tukiwa na dawa mkononi, si badala ya dawa. Nyie wa uuguzi mnaoandika huko nyuma, andikeni hili kwa herufi kubwa na mlisome kwa kila mgonjwa anayetoka.

Nije kwa wakwezi. Hapa ni pwani, nani hana ndugu anayekwea mnazi?

Baba mmoja wa Pangani alianguka kutoka kwenye mnazi, akatua kwa makalio. Pingili ya kwanza ya kiunoni ikapasuka kama nazi iliyopigwa sakafuni, vipande vikaenda kila upande, kimoja nyuma kuelekea kwenye ugwe. Pingili ile huumia mara nyingi, kwa kuwa iko karibu kabisa na pale mgongo mgumu wenye mbavu unapokutana na kiuno kinachojikunja. Majirani walikuja mbio, wenye upendo wote. Mmoja akamshika makwapani, mmoja miguuni, katikati akaning'inia kama wavu wa wavuvi. Wakampakia kwenye bodaboda, amekaa, amekunjwa, mtu nyuma anamshika. Kilomita nyingi za barabara ya vumbi.

Mkewe aliniambia maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo. Alisema pale chini ya mnazi mumewe alikuwa anasogeza vidole vya miguu. Alipofika hospitali havikusogea.

Tulimfanyia upasuaji, tukatoa vipande, tukaweka pingili inayorefuka, urefu wa mgongo ukarudi. Baada ya miezi alisimama kwa magongo, na anatembea kwa magongo mpaka leo. Kifaa kilifanya kazi yake yote. Lakini hakuna kifaa kinachorudisha ile safari ya bodaboda nyuma.

Kwa hiyo nawaomba. Aliyeanguka, aliyegongwa, anayelia mgongo au shingo, msimkalishe. Msimkunje. Msimvute kwa mikono. Ng'oeni mlango, chukueni ubao, chukueni kitanda cha kamba mkikosa kabisa kitu kigumu. Mmoja ashike kichwa asikiachie, wengine watatu au wanne wamgeuze kwa pamoja kama gogo, kichwa na mwili na miguu vikienda sawa, ubao uingizwe chini. Kisha subirini gari ambalo anaweza kulala. Najua gari ni shida. Najua bodaboda iko pale pale na mgonjwa analia. Hata hivyo nawaomba, kwa sababu ya vile vidole vya miguu.

Wako pia wanaotujia kwa saratani. Hili nitalisema kwa ufupi, na kwa heshima, maana humu ndani wapo wanaolipitia. Saratani ya titi, ya figo, na ile ya uboho hupenda kuila mifupa ya mgongo. Nilimhudumia mama mmoja ambaye pingili yake ya katikati ya mgongo ilikuwa imesagika, hawezi kukaa, hawezi kulala chali, kila kikohozi ni kilio. Kwa mgonjwa kama yeye hatuna muda wa kusubiri mfupa uote, na mionzi inayofuata hupunguza kuota kwake. Pale chuma tunakiomba kibebe zaidi ya kawaida. Kikarefushwa, kikafungwa, na siku ya tatu mama yule alikaa kwenye kiti akanywa uji mwenyewe. Aliishi miezi kumi na moja. Binti yake aliniambia ile miezi walikula pamoja mezani. Sitamruhusu mtu yeyote aniambie kwamba upasuaji ule ulikuwa wa bure.

Kuna maswali ambayo nimeshaulizwa hapa mlangoni. Kitashika kutu? Hapana, titani haishiki kutu mwilini. Naweza kupigwa MRI, ile picha ya sumaku? Kwa kawaida ndiyo, sumaku haiivuti titani, ila mwambieni mpigaji picha mapema. Kitatolewa baadaye? Mara nyingi hapana, kinabaki. Titani inatoka wapi? Madini yake yamechimbwa jirani zetu hapo Kwale, kusini ya Mombasa, kwenye mchanga, mpaka mwishoni mwa mwaka 2024, ingawa sehemu kubwa ya madini hayo duniani huishia kwenye rangi nyeupe ya kupaka nyumba.

Na bei? Sitawaficha. Pingili inayorefuka ni ghali kuliko bomba la wavu, na bomba ni ghali kuliko ubavu wako mwenyewe ambao haununuliwi. Basi ndugu akiambiwa atawekewa bomba au mfupa, msiondoke mkidhani amepunjwa. Mikononi mwa mpasuaji mzuri, mfupa wako uliowekwa vizuri unaweza kukufikisha pale pale. Tunakumbuka wote enzi ambazo upasuaji mgumu wa mgongo ulimaanisha safari ya India, na leo mengi yanafanyika Muhimbili pale MOI, taasisi ya mifupa. Nauliza tu, kama mtu niliyelala bila usingizi kwa ajili ya safu mbili za matundu: kwa mgonjwa ambaye kifaa hiki ndicho kinachomfaa, bima na hospitali zinapopanga bajeti, je, nacho kimo kwenye orodha? Wenye kuamua wakiyasoma maneno haya, nawaomba wakiweke.

Yule dada fundi, miezi sita baada ya upasuaji, alikuja kliniki kwa miguu yake. Dawa anakunywa, kadi yake haina siku iliyorukwa. Alikuwa amevaa gauni lile lile, na akanionyesha jinsi alivyofumua mapindo ya mbele, yote mawili. Alama za uzi wa zamani bado zinaonekana kwenye kitambaa. Nilipiga magoti nikaupima mwenyewe upindo kwa kiganja, mbele na nyuma. Sawasawa.

Haya, sasa nakipitisha kifaa. Kianzie kwa mama pale mbele mwenye kitenge cha bluu. Kishikeni katikati ya viganja viwili, jirani azungushe pete taratibu. Mkisikia kimegusa viganja vyote viwili, acheni hapo hapo, msimpe mwingine kabla hamjakirudisha kuwa kifupi. Nami nitakuwa nakihesabu.